Nimeanza Tolkien Mara Tatu, Nikalala Mara Tatu

*“Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, ni mhasibu, naishi Tabata. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha wasomaji, tuko tisa, tunakutana Jumapili jioni. Wenzangu karibu wote ni wapenzi wa fantasia na wana ubishi wao usioisha: nusu wanasema bila Tolkien huwezi kuelewa chochote kilichoandikwa baada yake, nusu wanasema vya zamani vimechuja, tusome vya sasa. Mimi nimeanza The Lord of the Rings mara tatu. Filamu zake nimeziangalia zote na nikazipenda, lakini kitabu nikifika tu kwa yule mzee wa msituni anayeimbaimba, nalala. Wenzangu sijawaambia, wakibishana huwa natingisha kichwa tu. Kiingereza nakitumia kazini kila siku kwa hiyo sidhani kama ndicho tatizo. Juu ya hayo, mama ameona kitabu kimoja mezani akaniuliza nimeanza lini kusoma mambo ya uchawi. Naomba unieleze: tatizo ni mimi, ni Kiingereza, au ni kitabu? Na nianze na kipi?”*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na huyo mzee wa msituni, maana yeye ndiye aliyekuleta kwangu. Anaitwa Tom Bombadil, anavaa buti za njano, na waliolalia mlangoni kwake ni wengi kuliko unavyodhani. Peter Jackson alipotengeneza zile filamu tatu, zilizotoka 2001, 2002 na 2003, alimwacha nje kabisa na hadithi haikuyumba. Wewe uliingia kitabuni na filamu kichwani, ukawa unatembea kwa kuifuata, mpaka ukafika mahali ambapo filamu haikuwahi kufika. Hapo ukawa mgeni, na mgeni asiyejua anapelekwa wapi huchoka haraka.

Umeniuliza mkosaji ni nani kati ya watatu. Nitakujibu kwa neno ambalo kila mtu aliyewahi kusimama nje ya uwanja wa mpira au mlango wa kibanda umiza analijua: kiingilio. Kila riwaya ya fantasia ina kiingilio chake. Kabla haijakupa raha inakudai kitu: uvumilivu, kichwa cha kushika majina, msamiati, utayari wa kukubali sheria za dunia ambayo hujawahi kuishi. Vitabu hutofautiana kwa kiasi kinachodaiwa na kwa wakati kinapodaiwa. *The Lord of the Rings* ya Tolkien inadai nyingi, tena inazidai zote getini.

Hebu tupige hesabu, kazi yako hiyo. Kabla ya sura ya kwanza kuna utangulizi mrefu unaoeleza hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hii, ni watu gani, wanaishije, mpaka habari za tumbaku yao. Inafuata sherehe ya hobiti mzee, Bilbo, ya kutimiza miaka 111. Kisha, na hili filamu ililimeza, inapita miaka 17 nzima kati ya sherehe hiyo na siku Gandalf, yule mzee mwenye fimbo, anaporudi kumwambia Frodo, mrithi wa Bilbo, ile pete aliyoachiwa ni kitu gani. Frodo anaondoka kijijini kwao akiwa na miaka 50. Halafu unaingia msitu, kwa Bombadil, ukungu wa makaburini. Ni sura ya tisa ndipo wanapofika mji wa Bree, kwenye nyumba ya wageni iliyojaa watu, na pembeni kwenye kivuli kuna mwanamume wa buti zilizochakaa, anavuta kiko, hawaondolei macho. Hapo ndipo kitabu kinaposimama wima. Wewe umekuwa ukilala sura mbili kabla ya mlango kufunguka, mara tatu mfululizo. Kama ni bahati mbaya basi hiyo.

Lakini kwa nini kiingilio kipo? Mbona hadithi za bibi hazikuwa nacho? Zilikuwa nacho, ila ulikilipa bila kujua. Kumbuka zilivyoanza. Msimulizi: “Hadithi, hadithi!” Nanyi mnajibu: “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.” Yatazame maneno hayo vizuri. Watoto wanauita uongo kwa jina lake na kuukaribisha ndani ukae. Hakuna aliyedanganywa. Mmewekeana mkataba kwamba kwa muda wa nusu saa fisi atasema, jini atatoka baharini, na hakuna atakayeinua mkono kuuliza inawezekanaje. Mwaka 1939, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, Tolkien alieleza jambo linalokaribiana sana na hilo: kwamba msimulizi huumba dunia ya pili, akili ya msikilizaji ikaingia humo, na ukiwa ndani unaamini kila kinachofuata sheria za humo. Shaka ikiingia tu, umetupwa nje, unaitazama ile dunia kutoka uwanjani. Yeye ilimchukua mhadhara mzima. Wazee wetu walitumia maneno sita.

Tofauti ni hii. Kwenye hadithi ya bibi dunia ile ulikuwa unaijua. Sungura mjanja, fisi mlafi, mtoto wa kambo, jini wa mbuyuni: hakuna aliyehitaji utangulizi. Msomaji wa Uingereza naye aliyafungua maandishi ya Tolkien akiwa amelelewa na hadithi za majoka yanayolalia dhahabu na watu wafupi wanaochimba madini milimani. Nusu ya kiingilio alikuwa nayo mfukoni tangu utoto. Wewe unalipa yote.

Sasa Kiingereza. Hapo nakupinga kidogo, ila si kwa namna unayoiogopa. Kiingereza chako cha ripoti na barua pepe ni kizima. Ila Tolkien alikuwa profesa wa lugha ya Kiingereza cha kale hapo Oxford, na aliandika kwa ngazi: hobiti wanaongea kama wanakijiji, wenye enzi wanaongea kama nyaraka za kifalme, na watu wa Rohan, ufalme mmojawapo humo, majina yao, Théoden, Éowyn, yametoka moja kwa moja kwenye Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita. Ukitaka kujua inavyohisi, chukua *Al-Inkishafi* au utenzi wa Fumo Liyongo. Kiswahili ni chako tangu kuzaliwa, lakini utakutana na “nti” pahala pa nchi, “mato” pahala pa macho, “ndia” pahala pa njia. Kila neno ukilitazama peke yake linakubali. Kinachokufa ni mwendo, na mwendo ukifa ule mkataba wa uongo njoo unalegea. Hakuna atakayesema hujui Kiswahili kwa sababu umepunguza mwendo kwenye utenzi wa Kiamu.

Dawa ya mwendo si kamusi. Ukisimama kila mstari kutafuta jina la mmea au la aina ya kilima (na huyo bwana anapenda vilima), umekwisha. Acha yapite. Dawa yake ni sikio. Tolkien alikuwa akiwasomea rafiki zake sura za kitabu hicho kwa sauti, Alhamisi usiku, kwenye vyumba vya C. S. Lewis chuoni Magdalen, kabla ya mtu yeyote kukiona dukani. Kilipimwa kwa masikio kwanza. Ukipata toleo la kusikiliza, weka visikilizi ukiwa kwenye foleni ya Buguruni, halafu usiku soma ukurasa uleule kwa macho. Nyimbo zinazokulaza zikiimbwa na mtu anayejua kuziimba hubadilika, na mimi nimemsamehe Bombadil kwa njia hiyo. Nusu.

Nikuambie nilivyoingia mimi mwenyewe, maana sikupitia getini. Nilikuwa mwanafunzi, miaka ya mwanzo ya tisini, na karibu na Posta kulikuwa na mzee aliyepanga vitabu vya mtumba juu ya turubai la bluu. Nilinunua kimoja kinene, kisicho na jalada, kurasa zake zimejikunja kwa unyevu, kwa sababu tu kilikuwa rahisi na kilikuwa kizito. Ukurasa wa kwanza mtu anapanda mlima mbio akifuata nyayo. Kurasa chache mbele, mwenzake anakufa chini ya mti, mwili umejaa mishale. Sikumjua yeyote. Kila walipotajwa hobiti nilidhani ni watoto waliotekwa. Nilisoma mpaka alfajiri kwa taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika, na asubuhi nilikuwa na masizi puani. Ilipita kama wiki tatu ndipo mwenzangu wa bwenini aliponiambia, akicheka mpaka machozi, kwamba hicho ni kitabu cha pili. Nilikuwa nimeingilia dirishani, katikati ya hadithi. Nilipokuja kupata cha kwanza nilivumilia sherehe, msitu na mzee wake, kwa sababu nilikwishajua wanakwenda wapi.

Sikushauri ufanye hivyo kwa makusudi, ingawa kwako wewe uliyeona filamu madhara yangekuwa madogo. Nimelisimulia kwa sababu linavunja hofu moja: kwamba kuna mlango mmoja halali. Hata hizo juzuu tatu zenyewe si mpango wa mwandishi. Aliandika kitabu kimoja. Mchapishaji ndiye aliyekigawa vipande vitatu, vilivyotoka 1954 na 1955, kwa sababu baada ya vita karatasi ilikuwa ghali na kitabu cha ukubwa ule kingeuzwa bei ya kutisha. Leo mwandishi chipukizi wa fantasia akikaa chini anapanga juzuu tatu kana kwamba ni amri ya dini, na asili yake ni bei ya karatasi.

Hilo linatufikisha kwa wenzako wa nusu ya kwanza, wanaosema lazima uanze na Tolkien. Wana ukweli wa rafu moja ya kabati la vitabu. Mwaka 1965 vitabu vyake vilitoka Marekani katika matoleo ya bei nafuu, wanafunzi wa vyuo wakavipapia, na wachapishaji wakaanza kutafuta vingine vya kufanana navyo. *The Sword of Shannara* ya Terry Brooks, 1977, ni mtoto wa moja kwa moja wa njaa hiyo, na nyuma yake ikaja foleni ndefu ya vijana wa kijijini, wazee wenye fimbo, na ramani kwenye ukurasa wa kwanza. Ukitaka kusoma rafu hiyo, kumjua Tolkien kunasaidia. Kunasaidia tu, hakulazimishi. Mtu anaweza kufurahia bongo fleva bila kusikiliza kwanza mkusanyiko mzima wa dansi ya miaka ya sabini, hata kama mjomba wake atanung'unika.

Ila kabati lina rafu nyingine. Mwaka 1938, mwaka mmoja tu baada ya *The Hobbit*, D. O. Fagunwa alichapisha kwa Kiyoruba hadithi ya mwindaji jasiri kwenye msitu wa mizimu, ambayo Wole Soyinka aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1968. Mwaka 1952, miaka miwili kabla ya hiyo pete, Amos Tutuola wa Nijeria alitoa *The Palm-Wine Drinkard* jijini London: mlevi ambaye mgema wake ameanguka mnazini akafa, naye anaamua kumfuata mpaka mji wa wafu amrudishe, kwa sababu tembo la wagema wengine halimkati kiu. Hakuna mtu wa pwani anayehitaji utangulizi kwa hadithi hiyo. (Tutuola, kwa kweli, anataja michikichi. Mimi nimemhamishia mnazi, mnisamehe, nimekulia Mafia.)

Na kwetu je? *Kusadikika* ya Shaaban Robert ilitoka 1951. Ni nchi inayoelea angani. Wajumbe wake sita wanatumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wanarudi na habari za maisha bora, na malipo yao ni kifungo. *Adili na Nduguze* ikafuata 1952: liwali anayelazimika kila usiku kuwachapa viboko manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Kama uliwahi kukutana navyo shuleni, bila shaka uliulizwa dhamira na maudhui, ukajibu, ukapata alama zako. Sidhani kama kuna aliyekuambia kwamba ulikuwa unasoma fantasia. Basi swali lako la chinichini, kama wewe ni mtu wa fasihi hii au la, lilijibiwa ukiwa na sare ya shule.

Nisikudanganye lakini kwamba ni kitu kilekile. Shaaban Robert aliiweka nchi yake angani ili aweze kusema juu ya utawala uliokuwa hapa ardhini, chini ya mkoloni, bila kukamatwa shati. Ajabu zake ni pazia. Tolkien alikuwa na chuki na pazia. Kwenye dibaji ya toleo la pili aliandika wazi kwamba hapendi hadithi za mafumbo za namna hiyo, na kwamba hadithi yake si fumbo la vita vya wakati wake. Kwake dunia ile ipo kwa ajili yake yenyewe, na ndiyo maana haoni aibu kukueleza tumbaku. Ukiliona hilo, utaelewa kwa nini msomaji aliyelelewa kuuliza “mwandishi anatufundisha nini?” huchoka kwake mapema. Anatafuta fundisho kwenye sura ambayo imewekwa pale kwa sababu mwandishi aliupenda msitu.

Wenzako wa nusu ya pili nao wana neno. Vya sasa kweli vinakwenda mbio, na sababu haina siri. George R. R. Martin alifanya kazi ya kuandikia televisheni miaka ya themanini kabla ya *A Game of Thrones* kutoka 1996. Kila sura ina jina la mhusika mmoja, unakaa ndani ya kichwa chake, na inakatika mahali ambapo huwezi kuzima taa. Kiingilio kinalipwa kidogo kidogo, kama mkopo wa boda. Tatizo ni deni la upande wa pili: kitabu cha tano kilitoka 2011, na cha sita tunakisubiri mpaka leo nikiandika. Patrick Rothfuss, wenzako lazima watakutajia, naye alitoa vya kwanza na pili mwaka 2007 na 2011, cha tatu kimya. Mimi kwa umri wangu nimeacha kuanza hadithi ambazo sina hakika nitazimaliza kabla ya mwandishi au mimi. Isitoshe, Martin ana ukatili na mambo ya chumbani ambayo hutataka mama yako afungue ukurasa huo kwa bahati mbaya.

Usidhani pia kwamba kipya maana yake chepesi. *The Fifth Season* ya N. K. Jemisin, 2015, inamwita mhusika wake mkuu “wewe”, inachanganya nyakati, na inakuacha gizani kwa kurasa nyingi kwa makusudi. Kiingilio chake kinakaribia cha Tolkien. Kitabu hicho na viwili vilivyofuata vilichukua tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla. Ni kazi kubwa. Kwako, sasa hivi, ningekiweka kando kwa mwaka mmoja.

Kuhusu mama. Hapa nakuomba usicheke, na usimweleze kwamba haelewi. Anaelewa sana, ila anaelewa kwa Kiswahili. Kiingereza kina neno moja, *magic*, wanalotupia kila kitu. Sisi tuna uchawi, uganga, mazingaombwe, kiini macho, sihiri, miujiza, na kila moja lina nyumba yake. Mchawi kwa Kiswahili si mzee mwenye fimbo inayowaka. Ni mtu anayemdhuru jirani yake usiku. Na katika nchi hii neno hilo limeua: kule Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa wa moshi wa jikoni. Mama akisikia “uchawi” anasikia hayo yote. Kosa ni la tafsiri, na tafsiri hiyo ni yetu sisi wasomaji, tuliozoea kusema “ni kitabu cha uchawi” kwa wepesi.

Mweleze hadithi yenyewe, kwa Kiswahili, ukichagua maneno. Mwambie ya Fumo Liyongo: hodari asiyepenya mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo mwanawe akamchimba mpaka akaipata. Akishakuonyesha kwamba anaijua, na ataijua, mwambie vitabu hivi ni vya ukoo huo. Unaweza kumwambia pia kwamba Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, na Lewis aliandika vitabu vya kuitetea imani ya Kikristo, lakini usilifanye hilo hirizi. Waandishi wengine hawana dini hiyo wala nyingine, na mama siku akigundua atahisi umemzunguka. Kama jambo linamkosesha raha kabisa kwa upande wa imani, mwache aongee na shekhe au mchungaji wake, nawe uwepo, na kitabu kiwepo mezani kikiwa wazi.

Haya, kipi kwanza? Mimi ningekupa *A Wizard of Earthsea* ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968. Kina sura kumi tu. Ni dunia ya visiwa. Watu wanasafiri kwa mashua, wanajua pepo kwa majina, na mtaalamu mzuri haiti upepo ovyo kwa sababu mvua ukiihamisha huku unaweza kuacha ukame kule. Mhusika mkuu, Ged, ni mchunga mbuzi wa ngozi ya hudhurungi, rafiki yake kipenzi ni mweusi, na washambuliaji wanaokuja na meli kuchoma vijiji ndio weupe. Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilimgeuza Ged kuwa mzungu, Le Guin akalalamika hadharani. Kijana huyu kwa majivuno ya kutaka kumtambia mwenzake wa shule anafungua mlango asioweza kuufunga, kivuli kinatoka, na kitabu kizima ni yeye kukikimbia, kisha kugeuka na kukifukuza. Kuna ukurasa Ged yuko baharini peke yake, anageuka ghafla, na kivuli kiko naye mashuani. Nimeusoma ukurasa huo nikiwa juu ya boti ya Kilindoni, nikajikuta nageuka kutazama tezi. Mtu wa Dar es Salaam anaingia hapo kwa kiingilio cha nusu bei.

Kina kasoro. Mazungumzo ni machache, sauti ya msimulizi ni tulivu kama ya mzee wa msikitini, na wanawake karibu hawapo. Mwandishi mwenyewe aliliona hilo, akarudi mwaka 1990 na *Tehanu*, kitabu cha nne, kusawazisha.

Ukiona Le Guin ni mpole mno, nenda kwa Brandon Sanderson, *Mistborn* ya 2006. Watu wanameza vipande vya madini na kila madini yanatoa nguvu moja: chuma cha aina hii kinavuta, cha aina ile kinasukuma. Mhasibu atapenda, vitabu vyake vinafunga mahesabu. Kiingereza chake ni chepesi, wakati mwingine chepesi kupita kiasi, na anaeleza jambo mara tatu kama mwalimu wa zamu. Au *Akata Witch* ya Nnedi Okorafor, 2011, ya binti mwenye ualbino katika mji wa Aba nchini Nijeria. Ni ya vijana lakini imekolea. Jina lake, bila shaka, litamrusha mama kwenye kiti. Kuna toleo lililotoka kwa jina *What Sunny Saw in the Flames*. Nadhani tumeelewana.

*The Hobbit* watakutajia wote. Ni kizuri, ila kiliandikiwa watoto na msimulizi anakusemesha hivyo. Kama utavumilia kuitwa mtoto, ni njia fupi kuliko zote ya kumfikia Tolkien. Terry Pratchett, ambaye mimi nampenda kuliko hawa wote, acha kwanza. Utani wake umekaa ndani ya mikunjo ya Kiingereza, na kutafuta utani kwenye kamusi ni kazi ya huzuni.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Kama herufi zinacheza, kama kichwa kinauma baada ya dakika ishirini za kusoma chochote, nenda ukapimwe macho hospitali kabla hujanunua kitabu hata kimoja. Mtu anayekodolea kompyuta saa nane kwa siku hana sababu ya kulaumu riwaya. Kama usingizi unakuangusha hata kwenye filamu, kikao, daladala, mwambie daktari, huo si wa Bombadil. Na kama unachosoma, unachokula na watu unaokutana nao, vyote vimekosa ladha kwa wiki kadhaa, mtafute daktari au mshauri uketi naye ana kwa ana. Sina kitabu cha hilo.

Lililobaki ni hao wanane. Waambie Jumapili hii. Najua unaona aibu, lakini nimekaa kwenye vikundi hivi miaka mingi, na ninakuhakikishia angalau wawili kati yao walimruka Bombadil na hawajawahi kusema. Kitabu usikiache nyumbani: nenda nacho, fungua sura ya tisa, wanapoingia Bree, na mwombe mwenye sauti nzuri kuliko wote awasomee.